Ebla na Chupa ya Watoto Ishirini

Katika zahanati moja ndogo nje ya Bura, chanjo ya kifua kikuu ilikuwa ikija katika chupa ya watoto ishirini, na ikishachanganywa haifiki jioni; kinachobaki humwagwa. Wakubwa wakaamuru: chupa isifunguliwe mpaka watoto watoshe.

Ebla alifika na mjukuu wake mchanga, Hani, akakuta watoto wawili tu.

"Rudi wiki ijayo, ayeeyo," nesi Arbia alimwambia, kwa heshima ambayo mtu humpa bibi yake.

Wiki iliyofuata walikuwa watatu, mmoja ameletwa kwa kuhara.

"Hii ni chanjo au harusi, mnangoja wageni?" Ebla akauliza.

Arbia akawarudisha tena. Mtoto mmoja wa wafugaji aliyerudishwa vivyo hivyo aliletwa baadaye shingo imekakamaa, kifua kikuu kimefika kwenye ubongo. Aliponea chupuchupu.

Safari iliyofuata Ebla alipitia kwanza soko la mifugo, akawa anamshika mkono kila mama mwenye mtoto. "Mnada hauendi popote. Twende!" Alipotokea zahanati, msafara ulijaza uwanja. Arbia akaanza kukagua. Mmoja wa watoto, Mustaf, alikuwa na meno yote na anatafuna mandazi. Chini ya shuka la mzee mmoja kulikuwa na mwanambuzi.

"Na huyu?"

"Anakohoa," mzee akasema.

Arbia alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akafungua chupa.

Mwaka uliofuata amri ikabadilika: chupa ifunguliwe hata kwa mtoto mmoja, kitakachobaki kimwagwe. Arbia alimpelekea Ebla habari hizo mwenyewe. Ebla akanuna.

"Yaani mmenifuta kazi?"

Hakuacha kuwakusanya, hata hivyo, na zahanati haikupokea tena mtoto mwenye shingo ile.

Aliyeletwa ni Billow, mume wa Ebla, kwa kikohozi kisichoisha. Alikunja mkono wa shati. "Nichanjeni."

"Hiyo ni ya watoto, mzee. Wewe tupe makohozi."

Kikaonekana kifua kikuu. Arbia akampima Hani pia, maana walikuwa wakilala nyumba moja, akamkuta mzima. Ebla akamshukuru Mungu, halafu akamgeukia mumewe, aliyepewa vidonge vya miezi sita.

Sasa kila asubuhi humkalia mbele.

"Fungua mdomo. Inua ulimi."

"Wallahi nimemeza!"

"Na huo upande wa kushoto?"