Fito za Wastani

Mandawa nilikokulia, nikiwa mtoto, mtu hai hakupimwa kwa ufito. Ufito ulikuwa wa maiti: ulikatwa sawa na urefu wake, ukapelekwa kwa wachimba kaburi. Kila mtu alilijua hilo, isipokuwa Mwalimu Neema, mgeni kutoka Moshi aliyetufundisha hesabu darasa la tano.

"Kila mmoja na ufito wake," alisema. "Ukate pale kichwa kinapoishia."

Tulisitasita, kisha utundu ukashinda woga.

"Kaburi la ufito huu wa Hamisi hata kuku haenei!" mmoja alipiga kelele, tukacheka.

Fito zikaegemezwa ukutani. Kesho, mwalimu alisema, tutapunguza ndefu na kuunga vipande vyake kwenye fupi kwa kamba mpaka zote zilingane. Urefu huo ndio wastani. Nilikuwa nimeshindwa kuelewa wastani muhula mzima. Siku ile nilianza kuuona kwa macho.

Asubuhi niliamka na homa. Bibi, aliyenilea, aliniuliza tulifanya nini shuleni, nikamwambia. Alijifunga khanga akatoka kwenda shuleni, nami nyuma yake natetemeka kwa homa.

"Nani kampima mjukuu wangu?"

"Bibi, nilikuwa nafundisha wastani."

"Wastani ndiyo nini? Umeshampima, sasa bado kuchimba?"

Alizibeba fito zote, akazitia motoni jikoni kwake. Mimi nikameza klorokwini ya zahanati. Nilipopona, bibi alijua kilichoniponya, na mwalimu alijua chake. Mwalimu mkuu, ambaye hakutaka ugomvi na wazee, aliagiza hesabu zirudi ubaoni.

Mwaka jana, hapa Nachingwea, mke wangu alipofariki, mtu aliingia na ufito chumbani alimolazwa. Nilitoka nje. Tangu siku hiyo simlaumu bibi kwa hofu yake.

Lakini hasira haijanitoka. Kamba peke yake ingetosha kutupima. Kamba haikuwa ya maiti. Darasa zima tulijua, hakuna aliyemwambia mwalimu, naye hakuuliza. Bibi angeweza kusema, "Tumia kamba," akarudi nyumbani. Mwalimu mkuu angeweza kusema hivyo hivyo. Badala yake Mwalimu Neema alisimama ubaoni akaandika: jumlisha, gawanya. Tulinakili. Tulipata majibu sahihi mpaka mtihani wa mwisho, na hatukujua ni urefu wa nani.