Long Plei, Dairekta wa Majengo

Kama uliishi Dodoma miaka ile kabla matangazo ya televisheni hayajatufikia, na ulikuwa mtu wa banda la video pale Majengo, basi Long Plei unamjua. Usiniambie humjui. Ulimtetea au ulimponda, na huenda mlikunjana mashati na mwenzako kwa ajili yake. Mimi nilimtetea. Naona aibu kuliandika hilo, na walionijua nikishona suruali kando ya soko watakwambia kuwa aibu si kawaida yangu.

Lakini ninayetaka kumsimulia ni Mwanne binti Rajabu. Alizaliwa Mpwapwa, katika ukoo wa watu wa mjini ambao babu zao walibaki pale tangu enzi za misafara. Alimaliza darasa la saba, akapata kibarua kwenye kituo cha mifugo cha kubandika lebo kwenye chupa za damu ya ng'ombe. Huko ndiko alikookota Kiingereza chake, neno moja moja kutoka kwenye chupa. Kibarua kilipokwisha, mumewe naye akaoa mke mwingine huko Kondoa bila hata kumwambia, Mwanne alifunga nguo zake akapanda basi kuja Dodoma.

Mzee Bashiri ndiye aliyemwajiri. Huyu alikuwa mtu wa Busi, kule Kondoa, mfanyabiashara wa alizeti, na milango ya bidhaa za nje ilipofunguliwa aliacha alizeti akanunua deki mbili za video na televisheni kubwa, akajenga banda la mabati. Mwanne alikata tiketi na kuendesha deki. Picha zilikuwa za Kichina, na chini yake yalipita maandishi ya Kiingereza mbio mbio, hayangojei mtu. Kwa hiyo asubuhi aliutazama mkanda peke yake, anasimamisha, anasoma, anarudisha nyuma. Mchana watu wakijaa, alisimama mbele akatueleza: steringi ni huyu, adui ni yule, ugomvi wao ulianzia kwenye shamba la baba. Alikuwa anajua kueleza, jamani. Alikuwa anakwambia, "Huyu mwenye nywele ndefu msimwonee huruma, ngojeni dakika kumi," na dakika kumi zikipita kweli ulitamani kumrushia kiatu.

Sasa kuhusu madairekta. Katika banda letu hakuna aliyewahi kuona jina la dairekta kwenye skrini, kwa sababu maandishi ya mwanzo yakitokea tu ukumbi mzima ulipiga kelele, "Peleka mbele!" Mwanne akapeleka mbele mpaka ngumi ya kwanza. Majina tuliyapata ubavuni mwa kaseti. Kaseti zilitoka Dar zikiwa zimerekodiwa, jina la picha limeandikwa kwa kalamu nene, na nyingi kati yake, chini ya jina la picha, zilikuwa na maneno mawili kwa herufi kubwa: LONG PLAY. Mtu wa kwanza kututambulisha kuwa huyo ndiye dairekta alikuwa Mustapha.

Mustapha aliuza vipuri vya baiskeli. Alikaa Dar miaka miwili akarudi na miwani ya jua na maneno mengi. Alituambia Long Plei ni yatima wa Hong Kong, alianza kwa kufagia studio, na amewafundisha madairekta wengine wote. Tulimwamini kwa sababu ushahidi ulikuwepo. Huyu Long Plei alikuwa na picha za panga, za bastola, za watawa, hata za mizimu. Hakuna dairekta mwingine aliyeweza kubadilika hivyo. Picha zake zilikuwa na ukungu na sauti inayokoroma kidogo, na Mustapha alitueleza kwamba ule ukungu ni wa makusudi, ndiyo sahihi yake. Waliompinga walisema sifa zimemzidi kimo. Sisi tukawaita washamba.

Agosti ya mwaka tisini na moja, Jumapili, banda limejaa, Mwanne amesimama mbele anaeleza, Mustapha akanyanyuka. Akamuuliza kwa sauti ya kistaarabu kabisa, "Dada Mwanne, samahani. Dairekta nani?"

Mwanne akasema hajui, wala haoni kama ina maana. Akasema yeye ndiye anayeirudisha mikanda nyuma kila siku, na hao madairekta mnaogombana kwa ajili yao anawaona wote: kila mmoja ana ngumi moja anayoibadilishia shati. Ukuta uleule umevunjwa katika picha tatu, na doa lake la chokaa lipo palepale. Ikiwa huo ndio ufundi, alisema, basi hata fundi wa tofali wa Chang'ombe ni dairekta.

Alisema kweli tupu. Mustapha akageuka kwa watu, akavua miwani, akasema, "Mnasikia? Anasimama hapa kutufundisha picha, na Long Plei hamjui."

Kikapasuka kicheko. Na mimi, Abdulswamadu, niliyekaa benchi la nyuma, ndiye niliyepaza sauti ya kwanza: "Akae chini!" Wengine wakaipokea, wakawa wanaipigia makofi kama wimbo. Mwanne aliendelea kusimama kidogo. Kisha akaketi. Jioni ile Mzee Bashiri, ambaye alipenda banda lenye kelele, alimpa Mustapha kazi ya kueleza picha. Mwanne akarudi mlangoni na kwenye deki.

Watu walidhani yamekwisha. Yeye mwenyewe aliniambia baadaye kwamba kila usiku alikivuta kile kicheko akakisikiliza tena, asije akakisahau. Alitaka nafasi yake pale mbele, na alitaka Mustapha aitoke mbele ya watu walewale. Si kwa kumwomba Mzee Bashiri wala kwa kulia kwa mtu.

Jibu lilikuja na fundi Imrani, aliyekuwa akitengeneza deki na kupiga video za harusi. Siku moja alikuwa anasafisha deki, Mwanne akamshikia tochi, naye akamwonyesha kitufe kidogo pembeni. Ukikiweka huku, alisema, kaseti inakwenda mwendo wa kawaida. Ukikiweka huku inakwenda polepole, unaingiza picha mbili kwenye kaseti moja, ila picha inakuwa na ukungu na sauti inakoroma. Wenye maduka ya Dar wanarekodi hivyo ili kubana kaseti, na wanaandika ubavuni ili mnunuzi ajue.

"Wanaandika nini?" Mwanne akauliza.

"Long Play."

Imrani aliapa kwamba Mwanne hakucheka. Alizima tochi tu, akamshukuru, akaenda kufagia. Angeweza kutangaza siku ileile. Mtu mwenye moyo mwepesi angetangaza. Mwanne alikaa kimya, akaanza kumlisha Mustapha. Kaseti ikiwa haina maneno yale, na yeye anaona inafaa, aliyaandika mwenyewe kwa kalamu nene. Picha ya Kihindi ya mapenzi, yenye nyimbo kumi na moja, ilipewa jina la Long Plei, na Mustapha akasimama robo saa akitueleza kwamba dairekta amefiwa na mchumba ndiyo maana amebadilika. Tulitikisa vichwa. Kuna mzee alifuta machozi.

Mwezi wa Ramadhani mwaka uliofuata, mama mkwe wa Mustapha alituma kaseti ya harusi ya binti yake kutoka Mpwapwa, akiomba nakala kwa ajili ya ndugu. Imrani ndiye aliyeipiga harusi ile mwaka mmoja kabla. Kaseti ikaletwa bandani kwa sababu ndipo palipokuwa na deki mbili. Mwanne alitoa nakala za mama mkwe, akatoa na moja ya kwake. Akaketi nayo asubuhi nzima akitafuta mahali pa kuanzia. Sehemu ya wanawake, Salwa bibi harusi akiwa na mabega wazi na hina mikononi, aliiruka yote. Salwa hakumkosea kitu, alisema, na hakutaka hata kidole chake kionekane na wanaume wa Majengo. Alianzia kwenye mkeka wa wanaume, pale ndoa ilipofungwa. Akarekodi kwa mwendo wa polepole, akaandika ubavuni jina la picha alilolitunga, na chini yake, LONG PLAY. Haikuwa uongo hata chembe.

Idi Mosi, saa nane mchana, banda lilifurika mpaka watu wakasimama ukutani, wote na nguo mpya. Mwanne alimpa Mustapha kaseti mkononi. Mustapha akausoma ubavu, akainua kaseti juu tuione. Akasema tuna bahati, hii ni picha mpya ya Long Plei, ila yeye ameshaiona Dar, mara mbili. Akatuonya tujiandae, steringi wa humu hana mfano. Wapinzani wakaguna, sisi tukawazomea. Mwanne akaichukua kaseti, akaitia kwenye deki.

Ukatokea mkeka. Wakatokea wanaume wenye kanzu, na ukungu wa Long Plei umewafunika. Mtu mmoja akasema mbona hawa Wachina wana kofia kama zetu. Kisha kamera ikasogea, na pale katikati, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa shehe, alikuwa Mustapha. Shehe akamtamkia maneno ya kukubali mke. Mustapha akafungua mdomo. "Nimekubali ku..." Akameza mate. Shehe akarudia. "Nimekubali ku... ku..." Jasho likamtiririka. Shehe akamwambia kwa upole, rudia mwanangu, na mara ya tatu msemaji wetu, profesa wetu, akakwama palepale, mpaka mjomba wake akamfinya paja.

Hapo Mwanne akasimamisha picha, na mdomo wa Mustapha ukabaki wazi kwenye skrini, mkubwa kama sufuria. Akatoka nyuma ya deki akaja mbele.

"Mustapha," akasema. "Dairekta nani?"

Mustapha akavua miwani, akaiweka kwenye kiti. Mwanne akatuonyesha kile kitufe, akakieleza taratibu, kama alivyokuwa akitueleza nani adui. Akasema Long Plei hajazaliwa Hong Kong wala popote. Mmegombana miaka mitatu juu ya mwendo wa kaseti.

Kicheko kilichofuata sijawahi kukisikia tena. Mustapha alipita katikati yake akatoka nje, na miwani aliisahau kwenye kiti. Jina la Long Plei likamshika yeye, halikumwacha. Alihamisha vipuri vyake Mpwapwa, na konda wa basi akalifikisha jina kabla ya mizigo. Mpaka leo ukienda ukamuulizia Mustapha utazungushwa, muulizie Long Plei.

Nami nilicheka, nikapiga na benchi, nikaanza kuita, "Mwanne! Mwanne!" Ukumbi ukaipokea. Mzee Bashiri naye akasimama akasema dada, njoo, nafasi ni yako. Mwanne aliingoja sauti ya mwisho inyamaze.

"Mimi nimekaa pale mlangoni miezi minane," akasema. "Na nyinyi mtakaa miezi minane."

Akatia mkanda wa kweli, akarudi nyuma ya deki akafunga mdomo. Tulidhani hasira itapoa kesho. Haikupoa. Mzee Bashiri alimbembeleza, akamtishia, akajaribu watu wawili wengine ambao tuliwazomea wenyewe. Kumfukuza hakuweza, deki zilimjua yeye. Kwa hiyo tulitazama picha za Kichina Aprili, Mei, Juni, hatujui nani kamuua nani wala kwa nini. Nilimwonea huruma mtu mmoja mwezi mzima, kumbe ndiye adui. Tuliacha hata kubishana juu ya madairekta. Utabishana nini na hujui hata picha inahusu nini?

Desemba, mvua za kwanza zikiyapiga mabati, Mwanne alitoka mlangoni bila kuitwa, akaja mbele, akaikaza kanga kiunoni. Akatutazama safu kwa safu mpaka akafika benchi la nyuma.

"Abdulswamadu," akasema. "Nikae chini?"

Watu wote wakageuka kunitazama. Nikasimama, sijui kwa nini nilisimama, nikamwambia, "Hapana, dada. Endelea."

Akaniacha nimesimama, akaanza kueleza.