Udi Ulioungua Saadani

Sikuondoka Bagamoyo kwa matembezi. Mwezi wa Rajabu, sokoni, mpagazi mwenye pembe ya ndovu begani aliitwa jina, akageuka kuitika, na ncha ya pembe ikanipiga kisogoni. Kichwa kilipona, pua ikabaki imekufa. Sikusikia harufu ya samaki, wala ya kahawa, wala ya nguo zangu mwenyewe. Na kazi yangu ni kupika udi. Sukari ikichemka na mawardi, yale maji ya waridi, pua ndiyo inayosema sasa epua. Macho hayasaidii kitu. Arusi ya Mwanaisha, binti ya dada yangu, ilikuwa imekaribia, na udi wake niliahidi kuupika mimi. Niliogopa sana.

Ndipo nikaambiwa kuwa Bi Rehema wa Saadani, aliyemfundisha marehemu mama yangu kazi hii, aliwahi kuanguka ngazi, akapoteza pua, kisha ikarudi. Nilitaka kujua ilirudi vipi.

Alfajiri nilitoka na mdogo wangu Omari. Penye kivuko cha mto Kingani, mtumbwi ulipoingia kwenye tope la mikoko, Omari aliziba pua.

"Hapa heri kuwa kama wewe, dada," akasema.

"Basi tubadilishane."

Akaendelea kuziba pua mpaka ng'ambo.

Kijijini Winde tulilala kwa mkulima mmoja na mkewe, watu wakarimu. Mchuzi wao ulikuwa na pilipili nyingi, na mvuke wake ukaniwasha puani hadi machozi, lakini harufu sikuipata hata chembe. Jambo hilo lilinishughulisha njia nzima kesho yake. Kama pua imekufa, kinachowashwa ni nini?

Saadani tulifika adhuhuri.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni, karibuni."

Kabla hata ya maji, Bi Rehema alileta chetezo chenye udi na kunifukiza chini ya leso, kama mgeni anavyofanyiwa. Ghafla kikanijia kitu. Harufu ya kitambaa kinachoungua, kama ya sukari iliyopitiliza moto! Nami, kwa mazoea ya kazi, nikaropoka: "Bibi, sukari ya udi huu imeungua."

Kwa mpika udi hakuna tusi kubwa kuliko hilo. Mkwe wake aliyekuwa mlangoni aliinamisha uso. Nilitamani ardhi ipasuke.

Bi Rehema akamgeukia Omari. "Wewe unasikiaje?"

"Unanukia vizuri, bibi."

Akanikaribia, chetezo mkononi. "Tangu uumie, ulishasikia harufu yoyote?"

"Hapana."

"Basi leo umesikia." Akacheka. "Yangu ilianza hivyo hivyo, ilirudi na uongo. Asumini ilininukia mzoga. Nilimwaga chungu kizima cha udi mzuri, nikamgombeza aliyeniuzia, masikini."

Nilikaa kwake mpaka mwezi mwingine ulipoandama. Kila asubuhi alinipa vitu vile vile ninuse: karafuu, ndimu, asumini na udi, nami nitaje kila kimoja huku nikikumbuka kilivyonukia zamani. Siku nyingi nilitaja bila kusikia chochote. Nilimuuliza kama itarudi yote.

"Sijui, mwanangu. Mimi mdalasini mpaka leo siupati."

Safari ya kurudi nilinusa karafuu kila tulipopumzika, na Omari alinitania kuwa nitaimaliza kwa pua. Kivukoni Kingani mtumbwi ukaingia topeni. Omari aliziba pua yake. Nami nikaziba yangu. Aliponiona akanishika mkono, akalia mbele ya wavushaji, wasielewe kijana huyu analilia tope la nini.

Nilichojifunza ni kwamba pua iliyoumia hairudi kama mtu anayerudi nyumbani. Inarudi imesahau majina, inafundishwa tena, na mengine haiyakumbuki. Asumini bado inaninukia kitambaa kilichoungua.

Usiku wa kupika udi wa Mwanaisha nilimkalisha Omari jikoni, pua yake iwe shahidi. Sukari ikatokota, tukainamia chungu wote wawili. Niliposema epua, yeye alikuwa bado anafungua mdomo kusema hilo hilo.