Lazima Mmoja Awe Mwekundu

Kudra binti Hashimu alizaliwa Kasulu, nyuma ya duka la vitenge, na kama rangi zingekuwa chakula angekua mnene kupindukia. Kazi yake ya utotoni ilikuwa kupanga majora kwenye rafu, yaliyokolea mbele, yaliyopauka nyuma, ili mteja akisimama mlangoni jicho lake lijue pa kwenda. Baba yake alikuwa na msemo wake: "Mteja hasomi bei, anasoma rangi." Mtoto akaukariri. Laiti angeusahau.

Alisoma takwimu, akaajiriwa kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja katika mradi wa malaria huko Kibondo. Zahanati zilimletea idadi ya watoto waliopimwa wakakutwa na malaria, naye akazipanga kwenye kompyuta: kila zahanati mstari wake, kila wiki kisanduku chake, na ndani ya kisanduku tarakimu. Wakubwa wakizitazama walipiga miayo. Ndipo Kudra alipolikumbuka duka. Akaandika programu ndogo ya kuondoa tarakimu na kupaka rangi mahali pake. Idadi ndogo ikawa kijani, ya kati njano, kubwa nyekundu.

Mara ya kwanza alifanya kazi ya haki. Aliiambia programu kwamba nyekundu kabisa ni idadi ya ule mwaka wa mvua mbaya, watoto walipolazwa watatu kitanda kimoja. Lakini tangu hapo vyandarua viligawiwa na ugonjwa ukapungua kila mahali, kwa hiyo picha ikatoka kijani juu mpaka chini. Bwana Nickson, mratibu wa mradi, mtu wa kuhamishiwa aliyekuwa bado anashangaa baridi ya asubuhi ya Kibondo, akaitazama huku amekunja uso.

"Hili ni nini, shamba la mahindi? Mimi sioni kitu hapa."

Kudra aliona haya, akabadilisha mstari mmoja tu. Akaiacha programu itafute yenyewe idadi iliyo ndogo kuliko zote mwezi huo iipe kijani, na iliyo kubwa kuliko zote iipe nyekundu. Picha ikachangamka. Bwana Nickson akapiga meza kwa furaha, na mkataba wa Kudra ukaongezwa.

Sasa fikiri nawe. Ukiwapanga wanafunzi kwa urefu, wa mwisho yupo tu, hata wote wawe warefu kama milingoti. Programu ile ilikuwa hivyo hivyo. Malaria ipungue, ipungue tena, lazima mmoja awe mwekundu. Kudra alilijua hilo tangu siku ya kwanza, akanyamaza, kwa sababu picha ilipendwa naye akapendwa pamoja nayo.

Ukaingia utaratibu. Kila mwezi wasimamizi wa zahanati waliitwa ukumbini, picha ikaoneshwa ukutani, na mwenye nyekundu akasimama kando yake ajieleze mbele ya wenzake. Waha ni watu wa kahawa, nao wakapata neno lao la kutaniana wakisalimiana getini: "Mwakeye! Nani kaiva mwezi huu?" Walicheka, lakini kila mkulima anajua kwamba kahawa ikiiva ikawa nyekundu huchumwa. Wawili walioiva miezi miwili mfululizo walishavuliwa usimamizi na kupelekwa mbali.

Waliobaki hawakuwa wajinga. Wakaanza kupima watoto wachache. Usipopima, huoni malaria, na usipoiona, kisanduku chako kinabaki kijani. Hakuna aliyeagizana na mwenzake, kila mmoja aligundua peke yake. Aliyeendelea kumpima kila mtoto mwenye homa alikuwa mmoja, Mama Ernesta, msimamizi wa zahanati ya Murungu. Kwa hiyo nyekundu ikahamia Murungu, na ilielekea kutia nanga.

Hapo ndipo Kudra alipoingiwa na hofu. Mama Ernesta hakuwa jina tu kwenye mstari. Miaka minne nyuma Kudra alitoka kutembelea zahanati, tumbo la miezi minane, gari likanasa kwenye tope karibu na Murungu na uchungu ukamshika palepale. Mama Ernesta alikuja kwa miguu, amevaa mabuti ya shambani, akampokea mtoto akimwimbia Kiha. Mtoto huyo ni Zuhra, anayemaliza sukari ya nyumba hivi sasa. Na Mama Ernesta ana mumewe, Mzee Nestori, aliyepooza upande mmoja, ambaye hawezi hata kufika chooni bila bega la mkewe. Kumhamisha mama yule ni kumwacha mzee alale kwenye uchafu wake. Tayari alikuwa ameiva mara moja. Ya pili ingekuwa ya kuchumwa.

Kudra alijikaza akaingia kwa Bwana Nickson.

"Bosi, ule wekundu wa Murungu si ugonjwa kuzidi. Programu inamtafuta wa juu kila mwezi, hata kama wote wako chini. Na wengine hawapimi. Naomba nirudishe kipimo cha zamani."

Bwana Nickson alivua miwani. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomuumiza Kudra zaidi.

"Umelijua lini?"

"Tangu mwanzo."

"Tangu mwanzo." Akaifuta miwani muda mrefu. "Picha hizi nimezipeleka juu, dada Kudra. Watu wawili wamehamishwa kwa rangi hizi. Unataka nikaseme nini sasa, kwamba tulikuwa tunapaka rangi? Na wakiuliza nani alipaka?"

Mchimba kisima huingia mwenyewe, na Kudra alikuwa ndani akitazama juu. Kurudi Kasulu dukani? Duka lilishakuwa la kaka yake na mke wa kaka yake, na Zuhra hana baba wa kutegemewa. Akatoka, akaufunga mlango taratibu.

Hakupata usingizi wa maana wiki hiyo. Mwishowe akaona, kama hawezi kuibadilisha picha, basi angalau amwambie mama ukweli, aombe radhi. Akampigia simu, akaeleza yote, jinsi programu inavyomtafuta wa juu na wa chini, na jinsi wengine wasivyopima. Alieleza vizuri sana, kama mwalimu.

"Ego," aliitikia Mama Ernesta kwa Kiha. "Kumbe ndivyo. Asante, mwanangu, sasa nimeelewa."

Kudra alilia kwa kufarijika. Mjinga wa watu, alidhani amesamehewa.

Mwezi ulipoisha, akaiendesha programu na Murungu ikatoka kijani. Kijani kuliko wote. Kwa dakika moja moyo wake ulipaa. Kisha akazirudisha tarakimu chini ya rangi, akakuta visanduku vya Murungu vina sifuri, sifuri, moja, sifuri. Mvua zilikuwa zimeanza. Hakuna Murungu ya sifuri wakati wa mvua. Akashika simu.

"Mama, watoto wamepona wote?"

"Watoto wapo barazani." Kweli, nyuma ya sauti yake mtoto alikuwa akilia, kilio kile chembamba cha homa. "Nimempima yule aliyezidiwa. Wengine nawapa dawa ya kushusha homa, nawaambia warudi wakizidiwa."

"Mama, mtoto wa malaria hangoji azidiwe!"

"Unanifundisha mimi?" Sauti haikupanda. "Nimezika watoto wa malaria kabla wewe hujaota meno. Najua ninachofanya, na Imana, Mungu wetu, ananiona. Lakini Nestori nitamwachia nani? Wewe ndiye uliyenieleza, mwanangu. Umenieleza vizuri."

Simu ikakatika, au ilikatwa. Kudra alikaa mbele ya ile picha nzuri na akajichukia, akajichukia kweli, na mkono wake haukugusa chochote.

Siku ya mkutano ukumbi ulijaa. Nyekundu ilikuwa imehamia kwa kijana mmoja, Marcel, aliyesimamia zahanati yake kwa mwezi wa kwanza na bado alikuwa anampima kila mtoto, kwa kuwa hakuna aliyemnong'oneza. Alisimama kando ya ukuta, wekundu ukimmulika shavuni, akaanza kueleza kwamba mvua zimekuwa nyingi. Mtu akacheka.

"Kabla ya hapo," Bwana Nickson alimkatiza, "tumpongeze Mama Ernesta. Nyekundu mpaka kijani kwa mwezi mmoja! Simama, mama, wakuone."

Mama Ernesta akasimama, macho sakafuni. Bwana Nickson akaanza kupiga makofi, ukumbi ukafuata, na Kudra, pale nyuma ya kompyuta, akapiga pia.