Koti Lililotaka Kuvunja Harusi

Mama yangu mdogo tunamwita Redio, na mwenyewe anajua. Karibu maisha yake yote alikuwa akifua na kupiga pasi nguo za watu. Ukimpelekea shati lenye doa, doa lilitoka, na habari za nyumbani kwako zilitoka nalo. Siku hizi magoti yamemkatalia kusimama, pasi ameiacha. Habari hajaziacha. Kwenye ukoo wetu, mtu akitaka kujua nani kamzaa nani, anaambiwa nenda kwa Redio, beba sukari na usiwe na haraka. Hataji mwaka hata siku moja. Atakwambia, "Huyo alizaliwa bati la jikoni lilipong'oka." Ukiuliza bati liling'oka lini, anakutazama kwa huruma. "Si alipozaliwa huyo?"

Mimi nilimwendea nikiwa sina usingizi. Binti yangu alikuwa amechumbiwa, na tulikuwa tumetoka kujitambulisha kwa wakwe. Wenzangu walitazama meza, mimi nikatazama kuta, ndivyo nilivyo. Juu ya kabati la vyombo palikuwa na picha ya zamani, mwanamume ameketi, kiganja juu ya goti, amevaa koti jeusi lenye kola pana. Vifungo vyote vyeusi, cha pili cheupe. Nikaweka soda chini. Koti lile lile liko kwenye picha ukutani kwangu, amelivaa babu yangu, baba yake Redio.

"Huyo ni nani, mkwe?" nikauliza, sauti nimeilegeza.

"Babu yangu," akasema mama wa kijana. "Alikuja mjini peke yake. Alikotoka hakupenda kusema."

Koti moja, ukoo mmoja, nikawaza, na kwetu damu moja haioani. Nilifika nyumbani, binti anaimba jikoni, mimi nikajifanya natafuta kitu chini ya kitanda nisimtazame usoni.

Redio alinisikiliza huku macho kayafumba, nikamuuliza kama babu hakuwa na kaka aliyepotelea mjini.

"Baba alikuwa na kaka yake," akasema mwishowe. "Aliondoka nyumbani kwa hasira."

"Mbona hujawahi kumtaja, mama?"

"Umewahi kuniuliza?"

"Jina lake nani?"

"Mtu ana hasira vile, nani angethubutu kumwita?"

Basi tukaanza kumtafuta. Tulikwenda makaburini kumwona babu wa wakwe. Jiwe lilikuwa na jina lake la utani la mjini tu, la kuzaliwa na la baba yake hayakuwepo. Redio alilipapasa, akaguna. "Hata jiwe lake limenuna." Tukaenda ofisi ya vizazi na vifo. Karani, mama mzima mwenye miwani ya kamba, akaomba jina la huyo kaka na mwaka wake wa kuzaliwa.

"Andika kabla ya bati," akasema Redio.

Karani aliweka kalamu chini. Ila alikuwa mtu mwema. "Mama zangu, huku mtu huja na jina, tukamtafuta. Nyie mna koti. Hizo picha mmezigeuza nyuma? Studio za zamani zilikuwa zikigonga muhuri."

Sikuwa nimewahi kuigeuza. Miaka yote hiyo nafuta vumbi mbele. Niling'oa vijimisumari vya fremu kwa kisu cha mezani, na kweli, muhuri ulikuwepo, na mtaa. Nikaazima picha ya mkwe, nikisema nataka kumtengenezea fremu mpya. Muhuri ule ule.

Studio yenyewe sasa ni duka la vioo, lakini mpiga picha alikuwa hai, anaishi ghorofani juu yake. Mzee alizitazama picha zetu mbili, akaanza kucheka mpaka akashika meza. Akateremsha kopo la biskuti, akamwaga picha zilizobaki. Koti. Kalivaa mwembamba mmoja kama ufagio, kalivaa bwana harusi ambaye mikono ilitokeza hadi karibu na viwiko, kalivaa mnene aliyeonekana kuzuia pumzi.

"Koti la studio hilo," akasema. "Watu walikuja na mashati tu. Nililipasua mgongoni. Mnene namwachia, mwembamba nambana kwa vibanio vya nguo. Kifungo kikapotea, mke wangu akashona alichokuwa nacho."

Nikamgeukia Redio taratibu. "Na kaka yake babu?"

"Kaka gani?"

"Yule mwenye hasira."

"Kaka ulikuja naye wewe," akasema. "Mimi nilikusaidia tu kumkumbuka."

Nilishuka ngazi miguu myepesi, nikafika nyumbani nikaimba na binti yangu, naye akaniuliza kama naumwa.

Watu wakiniuliza siku hizi waanzie wapi kutafuta ukoo wao, nawaambia kuta, makaburi, ofisi, na picha igeuze. Wazee pia, lakini mhoji kila mmoja peke yake, na usimpe jibu kabla ya swali, atalipokea.

Siku ya harusi Redio aliketi na mkwe wangu, mama wa kijana, niliyekuwa nimeshamsimulia habari yote ya koti. Nikamsikia, "Lile koti la baba yangu..."

Nikamgusa kwa kiwiko. "Mama, lilikuwa la studio."

"Alilivaa," akasema. "Aliye ndani ya koti ndiye mwenye koti."

"Hata babu yangu alilivaa," akasema mkwe.

"Yeye mabega hayakulijaza."

Mkwe akasogeza kiti karibu, akavua miwani, tayari kubishana. Nikawaacha, nikaenda kumtazama binti yangu akicheza.