Siku Mzee Alipoulizwa Habari za Isaya

Mimi si mtu wa kukaa nikatulia. Hata nilipokuwa namsomea mzee, kule Glenwood, mtaa wa Durban, mikono ilikuwa inakunja nguo na sikio liko jikoni. Macho yake yalikuwa yamekwisha, nami nilikuwa namtunza: dawa, kuoga, chakula, kisha kusoma. Aliniita Sista, kama huku wanavyowaita manesi, ingawa mimi si nesi. Mimi nilimwita Mzee, nikamweleza kwamba kwetu Kigoma hilo si tusi. Alikuwa Myahudi, mwalimu mstaafu, amefiwa na mke, watoto wako Australia. Na alikuwa mbishi, jamani!

Ugomvi wetu mkubwa ulikuwa Isaya. Ile sura ya hamsini na tatu, ya mtumishi anayedharauliwa na kupigwa kwa makosa ya wengine, naijua tangu Shule ya Jumapili: huyo ni Yesu, basi, hakuna mjadala. Siku niliyomsomea mara ya kwanza, kwa Kiingereza, nilitamka kila neno kwa uzito. Nikamaliza, nikasubiri aguswe.

"Umesoma vizuri," akasema. "Ila umeingia katikati ya mazungumzo. Rudi nyuma kwa sura kama kumi na mbili, uanzie huko."

Nikarudi huku nimenuna. Huko nabii anamtaja mtumishi wa Mungu waziwazi: Israeli, Yakobo, tena si mara moja. Mzee akanieleza kwamba wao wengi husoma hivyo: mtumishi ni taifa zima lililotawanywa na kuonewa, na wanaosema kwa mshangao katika sura ile ni wafalme wa mataifa mengine. "Wewe unamwona mtu mmoja," akasema. "Mimi namwona babu yangu na kijiji chake chote."

Nikamjibu kwamba mtu mmoja anaweza kubeba taifa zima. Akacheka, akaomba chai. Mimi niliondoka pale nimevurugika. Ndani ya taxi, ndizo daladala za huku, nikafungua Biblia yangu ya Kiswahili nihakikishe kama amenidanganya. Hakunidanganya. Nikaifunga kwa hasira, abiria wa pembeni akanitazama.

Sasa, kanisa letu. Liko mjini, katika ukumbi nyuma ya saluni. Warundi ndio wengi, Wakongo wapo, na sisi Watanzania wachache. Mume wangu alipofariki, hao ndio waliomzika na kulala kwangu mpaka nikaweza kula tena. Ndugu wa damu sina hapa Durban. Kazi yangu pale ilikuwa kutafsiri: mgeni akihubiri kwa Kiingereza nasimama ubavuni mwake na kipaza sauti changu, akinong'ona nanong'ona, akipaza na mimi napaza. Niliipenda kazi ile kuliko hata kuimba.

Na kanisa letu linaipenda Israeli kupita kiasi. Bendera yake ipo madhabahuni, pembe ya kondoo ya kupuliza ipo, na mchungaji, Mkongo, huvaa lile shali la sala la Wayahudi lenye vishada. Aliposikia namtunza Myahudi mwenyewe, hakunipa nafasi ya kupumua.

"Mama, mulete! Ule iko mbegu ya Ibrahimu. Atubariki tu."

Nikamfikishia mzee mwaliko, nikijua atakataa. "Wewe umenisindikiza kwetu, sinagogi, sikukuu zote," akasema. "Nitakosaje kuja kwenu?"

Jumapili ile nilimfuata kwake kwa gari la kukodi. Nilipoingiza kiti chake cha magurudumu, mtu wa pembe akapuliza kwa nguvu zake zote. Mzee akaruka kwenye kiti. "Sista, mwaka mpya umefika na mimi sina habari?" Kumbe kwao pembe ile ina majira yake, kama mwaka wao mpya, haipulizwi ovyo! Sisi tunampulizia hata mgeni. Nikamwambia ni heshima. Akainua mkono kushukuru, na ukumbi mzima ukalipuka kwa vigelegele. Kuna mama mmoja aliyepiga magoti akamshika miguu, naye mzee akabaki kunong'ona, "Mwambie ainuke, tafadhali, mwambie ainuke."

Mchungaji akashika kipaza sauti. "Mtoto wa Ibrahimu, ambia watu wa Mungu leo: mtumishi wa Isaya hamsini na tatu ni nani?"

Eish! Hatukupatana hivyo. Nikamtazama mchungaji, anatabasamu. Hakuwa mtu mbaya. Aliamini kwa moyo wake wote kwamba hakuna Myahudi atakayeulizwa swali hilo mbele ya upendo mwingi namna ile asiyeyuke. Nikainama nikamtafsiria mzee, nikaongeza chini kwa chini kwamba si lazima ajibu, naweza kumtoa nje sasa hivi.

"Ameuliza," akasema mzee. "Ataambiwa."

Akaanza, nami nikamfuata sentensi kwa sentensi. "Asanteni kwa kunipokea." Amina! "Kwetu, mtumishi yule ni Israeli, watu wenyewe." Amina zikapungua. "Babu yangu aliishi na majirani waliomwambia maisha yake yote kwamba hajui kusoma kitabu chake mwenyewe. Alikuwa anajua. Mkiniuliza kama ni Yesu, jibu langu ni hapana. Ninyi someni mnavyosoma. Ila msiniombe mimi niseme ndiyo kwa ajili yenu."

Watu wakageuka kumtazama mchungaji. Mchungaji akacheka kidogo, akanisogelea. "Mama, hapo hukumusikia vizuri. Mzee anasema angali anatafuta. Waambie hivyo, anatafuta."

Ningeweza. Mzee Kiswahili chake kilikuwa salamu na asante tu. Ningesema anatafuta, watu wangeshangilia, wangemwekea mikono na kumwombea, tungekula pilau, nami ningebaki mtoto wa nyumbani. Wote walikuwa wananitazama, wale wale walionishika mabega makaburini. Niliogopa. Na nilikasirika: nilimkasirikia mchungaji, nikamkasirikia mzee kwa kukosa hila hata kidogo, nikamkasirikia na Isaya mwenyewe, kwa nini asingetaja jina tukapumzika!

Nikasema kwenye kipaza sauti, "Mimi naamini ni Yesu. Yeye amesema hapana. Hatafuti."

Mchungaji akanitoa kipaza sauti mkononi taratibu, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu. Wimbo ukaanzishwa haraka. Nikageuza kiti tukatoka, na hakuna aliyetusindikiza mlangoni.

Gari la kukodi lilikuwa linatungoja ng'ambo ya barabara. Tukasimama kwenye robot, yaani taa za barabarani, taxi zinapiga honi kushoto na kulia.

"Palikuwa na kimya kirefu," akasema mzee. "Uliwaambia nini?"

Nikamweleza yote, maneno ya mchungaji na yangu.

"Hata kwamba wewe bado unaamini ni yeye?"

"Hata hilo."

Akatikisa kichwa polepole, sikujua ni kwa kukubali au kwa kuchoka. Kisha akapapasa nyuma mpaka akaupata mkono wangu kwenye mpini wa kiti. "Unalia, Sista. Unalia kwa sababu yangu?"

"Kwa sababu yao," nikasema. "Sina ndugu wengine huku, Mzee."

Akaubana mkono wangu. Taa ikawa ya kijani, nikasukuma kiti tukavuka.