Watoto wa Kuni

Mzee yule alipoingia ofisini kwangu mwanzoni mwa mwaka, nilisimama nikampa shikamoo. Huku kwetu Mbulu huna namna, mkubwa ni mkubwa hata kama umemchukia miaka thelathini. Akaitikia marahaba, akakaa, akaniomba nimsaidie mjukuu wake wa kike. Yuko darasa la tatu na hajui kusoma hata jina lake. Hakunikumbuka kabisa, rafiki yangu, na hilo ndilo lililonichoma, maana mimi sikumsahau hata siku moja.

Alikuwa mwalimu mkuu wetu katika shule hii hii ninayoiongoza sasa. Asubuhi za wakati ule zilikuwa za ukungu na baridi kali. Bibi yangu alinitia viazi vya moto mfukoni, nikavishika njiani ili vidole visife ganzi, kisha nikavila nikifika getini. Nilianza shule nikijua Kiiraqw tu. Kiswahili cha ubaoni kilinipita, na hakuna aliyerudi nyuma kunichukua.

Mwalimu mkuu alitaka shule ipande kwenye matokeo. Darasa la saba walikaa kambi shuleni, na watu wa kambi lazima wale makande. Basi kila mwaka alipita madarasani na chaki mkononi akitunyooshea: huyu atafaulu, huyu hapana. Sisi wa hapana tulipewa shoka na ndoo. Tulipasua mikalitusi mibichi iliyotoa moshi uliotutoa machozi, tukachota maji bondeni, tukakoroga sufuria, huku wenzetu wakiitikia kwa pamoja upande wa pili wa ukuta. Siku ya mtihani wa darasa la nne tuliambiwa tubaki nyumbani, tuseme tunaumwa. Shule ikapanda kweli. Wazazi wakamvisha mwalimu mkuu shuka mpya mbele ya mkutano, wakamshangilia. Makande ya siku hiyo nilipika mimi.

Siku moja bibi aliniletea maziwa mgando kwenye kibuyu, akanikuta napasua kuni saa ya masomo. Alinishika mkono hadi ofisini, akauliza kwa Kiiraqw kwa nini mtoto wake hayuko darasani. Mwalimu mkuu alimjibu kwa Kiswahili, bila kuinua kichwa.

"Bibi, huyu ni wa kuni. Kila shule ina wa kuni."

Bibi hakuelewa. Akaniambia nimtafsirie. Nikamtafsiria, neno kwa neno, nikiwa na miaka kumi.

Bibi akanishika tena mkono tukatoka. Juma lile lile akanipeleka kwa shangazi yangu upande wa Tlawi. Mwalimu wa kule, mama mmoja mkali mwenye kikohozi, hakuniuliza niko darasa la ngapi. Aliniuliza ni herufi zipi ninazozijua. Kila asubuhi, kwa saa nzima, wanafunzi wote walikaa kufuatana na wanachokijua, wakubwa kwa wadogo, nami nikakaa na watoto wa darasa la kwanza magoti yakigonga dawati. Niliona aibu wiki mbili tu. Baada ya miezi michache nilikuwa nasoma.

Nilipoletwa hapa kuwa mwalimu mkuu, nilianza na saa ile ile. Walimu walinung'unika, wakaniambia darasa la tano haliwezi kukaa na la pili. Nikawaambia litakaa. Kuni sasa wanaleta wazazi kwa zamu, na mtoto akikutwa nje saa ya kipindi mwalimu wake ndiye anayenijibu. Wageni wanapokuja kuuliza tumepandaje, nawaeleza mengi mazuri. Siwaelezi kwamba ninafanya kwa hasira.

Kabatini nilikuta daftari la mahudhurio la miaka ile. Pembeni mwa majina tisa kuna neno kuni, kwa wino mwekundu, kwa mwandiko wa mzee yule. Nililitunza.

Mjukuu wake alikaa kwenye herufi, akapanda silabi, akapanda maneno. Mtoto hana kosa la babu yake, nilimfundisha vizuri kuliko wote. Wiki iliyopita nikamwita babu yake aje amsikie, nikamfungulia mtoto daftari lile. Akasoma kwa sauti safi, kwa furaha: jina, kuni. Jina, kuni. Alipofika kwenye langu, mzee akainua macho akanitazama.

"Nilitaka shule ipande," akasema.

"Ilipanda, mwalimu."

Jiko lile limebomolewa na mikalitusi imekatwa. Bibi yangu hayupo wa kusikia. Kati ya wale tisa, mmoja anachunga ng'ombe wa watu Balangdalalu na husaini kwa dole gumba. Mwingine nilimkuta mnadani Dongobesh akimwomba mtoto mdogo amsomee ujumbe wa simu. Wengine sijui walipo. Saa zao za asubuhi ziliungua chini ya sufuria, na hakuna nitakachofanya hapa kitakachowarudishia. Nilidhani nikimwona mzee ameinamisha kichwa nitatosheka. Sikutosheka.

Mtoto aliuliza kama amekosea mahali. Nikamwambia hapana, amesoma vizuri sana, sasa arudie kuanzia jina la kwanza, polepole, babu asikie.